Nyumba ya Kupangisha: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Kununua, Kupangisha na Kutunza

Namba za mifano hapa chini hazina sarafu. Weka sarafu yako; uwiano haubadiliki. Neno "kodi" likisimama peke yake lina maana ya kodi anayolipa mpangaji. Inayokwenda serikalini imeandikwa "kodi ya serikali". Muda wa notisi na taratibu za mahakama hutofautiana kati ya nchi na nchi, kwa hiyo soma sheria ya upangaji ya mahali nyumba ilipo kabla ya kuchukua hatua yoyote iliyotajwa kwenye maswali ya 17, 18 na 26.

## Hesabu kabla ya kununua

1. Nitajuaje kama nyumba itanilipa?

Anza na gharama yote ya kuingia, usianze na bei ya muuzaji. Chukua nyumba inayouzwa 90,000. Ada za uhamisho, mwanasheria na mthamini ni 6,000. Rangi, mabomba na vitasa kabla mpangaji hajaingia ni 4,000. Umetoa 100,000, na hiyo ndiyo namba ya kugawia.

Kodi ni 800 kwa mwezi, yaani 9,600 kwa mwaka. Wengi huishia hapo na kusema nyumba inarudisha asilimia 9.6. Sasa toa mwezi mmoja wa nyumba kukaa tupu: zinabaki 8,800. Toa bima na kodi ya majengo 900, matengenezo 1,000, na ada ya msimamizi ya asilimia 10 ya kilichokusanywa, yaani 880. Kinachobaki ni 6,020, sawa na asilimia 6.02 ya fedha uliyoweka.

Ada ya msimamizi iweke hata kama utasimamia mwenyewe. Siku ukihama, ukiugua au ukichoka, utamlipa mtu, na nyumba inayolipa kwa sababu tu wewe unafanya kazi bure haijalipa.

Asilimia 9.6 itumie kukataa nyumba, usiitumie kukubali. Nyumba ikishindwa hata kwenye hesabu hii ya juu juu, achana nayo. Ikipita, ndipo ufanye hesabu ndefu.

2. Nikope kiasi gani?

Linganisha riba na faida halisi ya swali la 1. Ukikopa kwa asilimia 9 kununua kitu kinachorudisha 6.02, kila unachokopa kinapunguza pato lako. Mkopo wa 60,000 kwa riba ya asilimia 9 na muda wa miaka 15 una rejesho la takriban 608.56 kwa mwezi, karibu 7,303 kwa mwaka. Nyumba inaleta 6,020. Pengo la 1,283 hivi, yaani 107 kila mwezi, litatoka mfukoni mwako.

Ni kweli kwamba rejesho lote si hasara: katika mwezi wa kwanza 450 ni riba na 158.56 hupunguza deni. Lakini deni linalopungua halimlipi fundi bomba. Wanaopoteza nyumba kwa benki mara nyingi nyumba zao zina thamani nzuri tu; kilichowaishia ni fedha taslimu ya mwezi.

Wakopeshaji wengi hutaka pato halisi liwe mara 1.2 hadi 1.25 ya rejesho. Kigezo hicho kitumie hata kama benki yako haikiulizi. Kwa nyumba hii, 6,020 ukigawa kwa 1.25 unapata 4,816 kwa mwaka, ambayo inabeba mkopo wa takriban 39,500. Halafu jaribu riba ya juu zaidi: ikipanda hadi asilimia 11, rejesho la mkopo huo linafika 449 hivi kwa mwezi, karibu 5,388 kwa mwaka, na nyumba bado inajilipa. Jaribio hilo ni la lazima kama riba ya mkopo wako inaweza kubadilika.

3. Akiba ya matengenezo iwe kiasi gani?

Kipimo kinachotumika sana ni asilimia 1 ya thamani ya nyumba kwa mwaka, na hadi 2 kwa nyumba kuukuu. Ni wastani tu. Miaka 3 inaweza kupita kimya, wa nne paa likataka fedha ya miaka 5.

Njia bora zaidi ni kuorodhesha vitu vikubwa na umri wake: paa, pampu, hita ya maji, tangi, rangi ya nje. Hita iliyobakiza miaka 4 na inayogharimu 480 kuibadilisha inadai 120 kila mwaka kuanzia sasa. Jumlisha vyote, upate akiba ya nyumba yako wewe. Juu ya hiyo, kuwa na kodi ya miezi 3 isiyoguswa kabla ya kumpokea mpangaji wa kwanza.

4. Ninunue nyumba moja kubwa au jengo la vyumba vingi?

Nyumba moja ikikaa tupu, pato ni sifuri. Katika jengo la vyumba 6, chumba kimoja kitupu kinapunguza chini ya moja ya tano ya pato. Kwa upande mwingine, vyumba vingi vina mita za kugawana, ngazi za kufagia, kelele za kusuluhisha na watu wanaohama mara kwa mara. Kama huna muda wala msimamizi, nyumba moja yenye familia inayokaa miaka mingi ni nyepesi kuendesha.

## Kukagua kabla ya kulipa

5. Siku ya kwenda kuiangalia nyumba, nianzie wapi?

Anzia juu. Paa na mifereji yake vikiwa vibovu, vinaharibu kila kitu kilicho chini. Tazama dari ya chumba cha juu, hasa pembeni na kuzunguka bomba lolote linalopenya paa. Kisha fungua mabomba mawili kwa pamoja na uvute choo: maji yakififia kabisa kwenye sinki, mabomba yana kutu ndani au presha haitoshi. Jaza sinki na karai zote, ziachie kwa mara moja, usikilize. Sauti ya kugugumia na maji kupanda kwenye tundu la sakafu ya bafu ni dalili ya bomba la majitaka lililoziba au lisilo na bomba la kupumulia.

Nyufa za plasta nyembamba kama unywele ni kawaida. Ufa unaoweza kupitisha sarafu ukiisukuma ndani, au unaopanda kwa ngazi kufuata viungo vya matofali, au ulio mpana juu kuliko chini, unahitaji mhandisi kabla hujatia saini. Piga picha ya mlango uliofungwa: nafasi ya juu ikiwa nyembamba upande mmoja na pana upande mwingine, jengo limezama au fremu imepinda.

Rudi mara ya pili, ikiwezekana wakati wa mvua, na mara nyingine usiku. Rangi mpya kwenye ukuta mmoja tu ni swali la kumuuliza muuzaji hapo hapo.

6. Ukuta una doa la unyevu. Ni jambo kubwa?

Inategemea maji yanatoka wapi. Kosa la kawaida ni kupaka rangi kabla ya kujua. Rangi huvimba tena baada ya miezi michache. Kuna vyanzo vitatu, na kila kimoja kina sura yake.

Unyevu unaopanda kutoka ardhini huanzia sakafuni na kwa kawaida hauvuki mita 1 hivi. Ukingo wake wa juu una unga mweupe wa chumvi. Ukiugusa unapukutika kama chokaa. Hapa kizuizi cha unyevu kwenye msingi hakipo, kimekatika, au udongo wa nje umerundikwa juu yake. Mara nyingine dawa ni koleo tu: ondoa udongo ulioegemea ukuta.

Uvujaji wa bomba au paa huacha doa moja lenye ukingo wa kahawia, kama alama ya kikombe cha chai kwenye karatasi. Likikua wakati wa mvua, ni paa au ukuta wa nje. Likikua bila mvua, ni bomba. Fanya jaribio la mita la swali la 15.

Mvuke wa ndani, yaani jasho la chumba, huleta ukungu mweusi wa madoadoa kwenye pembe, nyuma ya kabati na kuzunguka madirisha. Hapo tatizo ni hewa: bafu lisilo na feni wala dirisha, nguo zinazoanikwa ndani, kabati lililobanwa ukutani.

Ukishindwa kuamua, bandika kipande cha plastiki cha sentimita 30 kwa 30 ukutani, uzibe kingo zote kwa utepe, uache saa 48. Matone yakiwa upande wa chumbani, ni mvuke wa ndani. Yakiwa nyuma, kati ya plastiki na ukuta, maji yanatoka ukutani.

7. Nyaraka gani lazima nizione?

Hatimiliki, iliyolinganishwa na rejista ya ardhi yenyewe. Nakala aliyonayo muuzaji haitoshi. Unatafuta mambo matatu: jina la mmiliki ni la huyu anayeuza, hakuna mkopo wala zuio lililosajiliwa juu ya nyumba, na mipaka ya kwenye ramani ndiyo iliyopo ardhini. Ongeza kibali cha ujenzi, hasa kwa vyumba vilivyoongezwa baadaye, pamoja na risiti za kodi ya majengo, maji na umeme. Kama ni fleti, omba hesabu za chama cha wamiliki za miaka 3 na kiasi kilichomo kwenye mfuko wa matengenezo makubwa. Mfuko mtupu kwenye jengo lenye lifti iliyochoka maana yake ni mchango mkubwa unakungoja.

8. Nyumba tayari ina wapangaji. Ni faida au mzigo?

Mara nyingi mikataba yao inahamia kwako kama ilivyo, kodi ndogo na ahadi za mdomo zikiwemo. Usitegemee orodha ya muuzaji peke yake. Kila mpangaji asaini karatasi moja inayosema analipa kiasi gani, tarehe ngapi, alitoa amana kiasi gani, anadaiwa au ameshalipa hadi lini, na ameahidiwa nini. Kisha jumla ya amana zote ikatwe kwenye bei siku ya kukamilisha mauziano. Usipoikata, wapangaji wakihama watakudai wewe, na muuzaji ameshaondoka.

## Mpangaji na mkataba

9. Nipange kodi kiasi gani?

Angalia nyumba 5 hadi 8 zinazofanana na yako eneo hilo hilo, na uulize zimepangishwa kwa kiasi gani. Bei ya kwenye tangazo ni ndoto ya mwenye nyumba mpaka mtu ailipe. Ukiitangaza wiki 2 watu wakaja kuangalia lakini hawachukui, tatizo kwa kawaida ni hali ya nyumba. Wasipokuja kabisa, ni bei au picha.

Kung'ang'ania ni ghali. Ukiomba 840 badala ya 800 na nyumba ikakaa tupu mwezi mmoja zaidi, umepoteza 800 ili upate 40 kwa mwezi. Itakuchukua miezi 20 kurudi ulipokuwa.

10. Nitachujaje waombaji bila kumwonea mtu?

Andika vigezo kabla ya kumwona mwombaji wa kwanza, na utumie hivyo hivyo kwa wote. Kabila, dini, rangi na jinsia havina nafasi hapo. Katika nchi nyingi kuvitumia ni kosa kisheria, na kokote kule ni dhuluma.

Kigezo cha kipato kinachotumika sana ni kodi isizidi theluthi moja ya mapato. Thibitisha kwa hati za mshahara au taarifa za benki za miezi 3 hadi 6. Kwa mfanyabiashara, miezi 6 au zaidi kwa sababu pato lake hupanda na kushuka. Namba ya simu ya mwajiri itafute mwenyewe, usitumie ile aliyokuandikia mwombaji.

Mwenye nyumba wa sasa anaweza kumsifia mpangaji msumbufu ili amtue kwako. Wa kabla yake hana sababu hiyo. Mpigie huyo na uulize maswali matatu tu: alilipa kwa tarehe? Ulimrudishia amana yote? Ungempangisha tena?

11. Mkataba uwe na nini?

Uwe wa maandishi, na kila mtu mzima atakayeishi humo asaini. Mambo ambayo ugomvi huanzia yakikosekana:

- kodi, tarehe ya kulipa na njia ya kulipa, na mpangaji akichelewa inakuwaje
- amana na masharti ya kuirudisha (swali la 12)
- nani analipa maji, umeme, takataka na ulinzi
- nani anatengeneza nini (swali la 14)
- idadi ya wakazi, wanyama, na kupangisha mtu wa tatu
- muda wa notisi kwa pande zote mbili
- mwenye nyumba ataingiaje: notisi ya saa 24 ni ya kawaida, isipokuwa dharura kama moto au bomba lililopasuka

Kifungu kinachopingana na sheria hakikusaidii hata kama mpangaji amekisaini.

12. Amana ni ya nini, na niiweke wapi?

Inafidia uharibifu na madeni yatakayobaki. Ni fedha ya mpangaji iliyo mikononi mwako, kwa hiyo iweke kwenye akaunti tofauti. Sehemu nyingine sheria inadai hivyo na inaweka ukomo wa kiasi. Usikubali itumike kama kodi ya mwezi wa mwisho: mpangaji akishaondoka na kioo kimevunjika, huna kitu mkononi. Ukikata chochote, toa orodha yenye kiasi na risiti kwa kila kipengele.

13. Makabidhiano ya funguo yafanyikeje?

Hii ndiyo saa moja yenye thamani kuliko zote katika upangaji mzima. Ingieni pamoja. Katika kila chumba anzeni mlangoni na mzunguke upande mmoja: mlango na kitasa, ukuta, dirisha, soketi, dari, kisha sakafu. Andika kinachoonekana kwa maneno yanayopimika. "Sakafu nzuri" haisaidii. "Kigae cha tatu kutoka mlangoni kina ufa wa sentimita 8" kinamaliza ubishi miaka 2 baadaye.

Piga picha mbili kwa kila kitu, moja ya mbali inayoonyesha kiko wapi na nyingine ya karibu. Fungua oveni, jokofu na kabati chini ya sinki. Piga picha mita za maji na umeme zikiwa na namba zinazosomeka. Hesabu funguo. Wote wawili msaini kila ukurasa, kila mmoja abaki na nakala, na umpe mpangaji siku 7 za kuongeza kasoro ambazo hazikuonekana.

Kabla ya hapo badilisha silinda za vitasa vya nje, maana hujui mpangaji aliyetoka alichonga funguo ngapi. Mwonyeshe mpangaji mpya valvu kuu ya maji na swichi kuu ya umeme, na aifunge valvu kwa mkono wake. Valvu isiyoguswa kwa miaka hukwama, na siku ya mafuriko si siku ya kugundua hilo.

## Kuendesha nyumba

14. Nani anatengeneza nini?

Kwa kawaida mwenye nyumba anabeba jengo lenyewe: paa, kuta, mabomba, nyaya, hita na kila kilichochakaa kwa umri. Mpangaji anabeba usafi, balbu, na alichovunja yeye au mgeni wake. Choo kilichoziba ndicho hubishaniwa sana: kitambaa kikitoka bombani ni cha mpangaji, mizizi ya mti ikitoka ni yako.

Panga muda wa kujibu. Maji yanayomwagika, umeme unaochoma, harufu ya gesi au mlango wa nje usiofungika ni siku hiyo hiyo. Hita au choo pekee kilichoharibika, saa 24 hadi 48. Mengine wiki 2. Mpangaji aliyepuuzwa mara mbili haripoti mara ya tatu, na silikoni ya bafu ambayo ingezibwa kwa nusu saa inageuka kuwa dari ya jirani wa chini.

15. Bili ya maji imepanda ghafla. Nianze wapi?

Funga mabomba yote na uhakikishe hakuna anayetumia maji. Tazama mita: nyingi zina kigurudumu au pembetatu ndogo inayozunguka hata kwa mtiririko mdogo. Ikizunguka, maji yanavuja. Isipozunguka, andika namba, subiri saa 2, soma tena. Kisha funga valvu inayoingia ndani ya nyumba na urudie. Mita ikiendelea kusogea, uvujaji uko kati ya mita na nyumba, chini ya ardhi. Ikisimama, uko ndani.

Ndani, mshukiwa wa kwanza ni choo, kwa sababu kinavuja bila sauti wala tope. Tia rangi ya chakula kwenye tangi la choo na usivute kwa dakika 15. Rangi ikionekana kwenye bakuli, mpira unaoziba tundu la chini umechoka. Ni kipuri cha bei ndogo. Kama maji yanamwagikia kwenye bomba la ziada ndani ya tangi, shusha boya hadi maji yasimame sentimita 2 hadi 3 chini ya mdomo wa bomba hilo.

Kwenye jengo lenye mita ndogo kwa kila mpangaji, jumlisha zote na ulinganishe na mita kuu. Kuu ikisoma uniti 62 na ndogo zikiwa 14, 17, 12 na 11, jumla ni 54. Hizo 8 ni za bomba la uani, uvujaji au maungio ya kificho. Zitafute, usizigawe kwa wapangaji ukaendelea na shughuli zako.

16. Umeme na gesi vinahitaji uangalizi gani?

Soketi yenye alama ya kuungua au inayopata joto ina waya uliolegea. Usiibadilishe mfuniko tu. Fundi umeme afungue na akaze. Kifaa kinachokata umeme unapovuja (cha miliampia 30 kwa ajili ya kulinda watu) kina kitufe cha kujaribia. Kibonyezwe walau kila miezi 6. Kisipokata, ni kibovu na kibadilishwe siku hiyo.

Hita ya gesi isiyo na bomba la moshi linalotoka nje isiwekwe kamwe bafuni wala chumba cha kulala. Gesi isipoungua vizuri hutoa kaboni monoksidi, ambayo haina harufu wala rangi na huua mtu akiwa usingizini. Moto wa bluu ni mzuri. Moto wa njano unaoacha masizi ni ishara ya kuzima na kumwita fundi. Weka kitambuzi cha kaboni monoksidi na cha moshi, ukiangalia tarehe ya mwisho iliyoandikwa nyuma. Vya moshi hubadilishwa baada ya miaka 10.

17. Mpangaji amechelewa kulipa. Nifanye nini?

Siku ya 1 hadi ya 3, ujumbe mfupi wa heshima. Siku ya 7, barua yenye kiasi anachodaiwa na tarehe. Siku ya 14, notisi rasmi kwa namna sheria inavyotaka. Kuanza taratibu mapema si ukatili: deni la mwezi mmoja hulipika, la miezi 4 humkimbiza mtu.

Aliyeyumba kweli, kwa ugonjwa au kupoteza kazi, mwandikiane mpango wenye kiasi na tarehe. Akilipa sehemu, risiti iseme "malipo ya sehemu" na kutaja baki. Angalia pia kama kupokea sehemu kunabatilisha notisi uliyokwisha kutoa. Mahali pengine hubatilisha.

18. Naweza kumfungia mlango, kumkatia maji au kutoa vitu vyake nje?

Hapana. Sehemu nyingi hilo ni kosa hata kama anadaiwa mwaka mzima, na wewe mwenye haki ndiye utakayelipa fidia. Njia ni notisi, mahakama au baraza husika, kisha amri inayotekelezwa na ofisa mwenye mamlaka.

19. Nipandishe kodi lini?

Mkataba unapohuishwa, kwa notisi ya maandishi, ndani ya ukomo wa sheria kama upo. Kabla ya kupandisha, rudia hesabu ya swali la 9 na uongeze gharama ya rangi, usafi na dalali. Kwa mpangaji anayelipa kwa tarehe na anayeripoti uvujaji mapema, kubaki kidogo chini ya soko ni uamuzi mzuri wa biashara. Kutopandisha kabisa kwa miaka 6 kisha kuruka asilimia 40 si wema; kunamvunja mtu aliyepanga maisha yake juu ya namba ya zamani.

20. Nimtumie msimamizi?

Kama unaishi mbali au una vyumba vingi, ndiyo. Ada ihesabiwe kwa kodi iliyokusanywa, isiwe kwa kodi iliyotarajiwa. Mkataba wake utaje kiwango cha matengenezo anachoweza kuidhinisha bila kukuuliza, taarifa ya kila mwezi yenye risiti, akaunti ya amana, na namna ya kuachana. Uliza kama anaongeza chochote juu ya bili za mafundi. Na mara moja kwa mwaka nenda mwenyewe ukaione nyumba.

21. Bima ya kawaida ya nyumba inatosha?

Mara nyingi haitoshi, kwa sababu iliandikwa kwa mmiliki anayeishi humo. Iambie kampuni ya bima kwamba unapangisha, na uulize kuhusu upotevu wa kodi baada ya moto na madai ya mtu aliyeumia ndani ya nyumba. Soma kifungu cha nyumba tupu: nyingi hupunguza au huondoa kinga baada ya siku 30 au 60 bila mkazi. Vitu vya mpangaji havimo; mwambie mapema.

22. Kumbukumbu gani zihifadhiwe?

Akaunti ya benki ya nyumba peke yake, risiti kwa kila malipo, na folda moja kwa kila mpangaji. Kwa kodi ya serikali, tenganisha matengenezo (kurudisha kilichokuwepo) na maboresho (kuongeza kipya), kwani nchi nyingi huyatoza tofauti. Riba ya mkopo mara nyingi huhesabiwa kama gharama. Sehemu inayopunguza deni haihesabiwi.

## Mpangaji anapoondoka, na hali zisizo za kawaida

23. Uchakavu wa kawaida unaishia wapi, na uharibifu unaanzia wapi?

Rangi iliyofifia, zulia lililolala kwenye njia ya miguu, matundu machache ya misumari: uchakavu. Alama ya pasi, kioo kilichopasuka, mlango uliotobolewa: uharibifu.

Hata kwenye uharibifu, dai thamani iliyobaki tu. Rangi ya kudumu miaka 5 iliyogharimu 300, ikachafuliwa na mpangaji aliyeikuta mpya na kukaa miaka 3, imebakiza miaka 2 kati ya 5. Dai ni 120. Ushahidi ni karatasi ya swali la 13. Usipokuwa nayo, usitarajie kushinda.

24. Wapangaji wawili wamesaini, mmoja anaondoka. Inakuwaje?

Kama mkataba unasema kila mmoja anawajibika kwa kodi yote, aliyebaki anadaiwa yote na aliyeondoka bado amefungwa. Usimwachie kwa mdomo. Andikeni mkataba mpya na aliyebaki, baada ya kupima kipato chake peke yake, na wakubaliane wao wawili kwa maandishi kuhusu mgawo wa amana.

25. Nimekuta mtu nisiyemjua anaishi kwenye nyumba yangu.

Kwanza tofautisha mgeni na mpangaji wa mpangaji. Kama kodi inapita kwa mtu wa kati, muulize mpangaji wako kwa maandishi. Usipokee fedha kutoka kwa huyo mtu mpya kabla hujaamua, kwa sababu kupokea kunaweza kuhesabiwa kuwa umemkubali. Akifaa, mchuje kama mwombaji mwingine (swali la 10).

26. Mpangaji ametoweka na vitu vyake vimebaki.

Usidhani ameondoka kwa sababu tu simu haipatikani, huenda amelazwa. Mpigie mtu wa dharura aliyemwandika, bandika notisi mlangoni, uliza majirani. Ukiruhusiwa kuingia, ingia na shahidi, orodhesha na piga picha kila kitu. Vitu hivyo bado ni vyake: sheria nyingi zinataka uvihifadhi kwa muda maalumu na utoe notisi kabla ya kuviuza, na ziada ya mauzo baada ya deni hurudi kwake. Mpangaji akifariki, funguo na vitu wape msimamizi wa mirathi, usimpe ndugu aliyewahi kufika.

27. Nimpangishe ndugu?

Unaweza, kwa mkataba, makabidhiano na risiti kama mtu mwingine. Ukitaka kumsaidia, andika kodi kamili na punguzo kando, lenye tarehe ya mwisho. Hapo msaada unaonekana kuwa msaada, na mwisho wake haumshtui mtu.

28. Wageni wa siku chache hawalipi zaidi?

Kwa usiku mmoja, wanalipa zaidi. Kwa mwezi, fanya hesabu. Mgeni akilipa 60 kwa usiku, toa asilimia 15 ya jukwaa la kutangaza: 51. Usafi wa 15 kwa kila mgeni anayekaa wastani wa siku 3 ni 5 kwa usiku: zinabaki 46. Bili, intaneti na vifaa sasa ni vyako; weka 200 kwa mwezi. Ili ufikie 800 ya mpangaji wa kudumu unahitaji 1,000, yaani usiku 22 kati ya 30, kila mwezi, misimu mibaya ikiwemo. Kwa bei ya 40 kwa usiku zinabaki 29, na hata usiku 30 haufiki.

Kabla ya kununua magodoro, hakikisha chama cha wamiliki, mkopeshaji, bima na mamlaka ya mji wote wanaruhusu. Mmoja akikataa, hesabu hii haina kazi.